Rafu Iliyomnyang'anya Edeltruda Hadithi Yake

Ninyi mnaosomea ukutubi, na ninyi mnaotunga hadithi mkazificha chini ya godoro, leo naongea na ninyi, na nina hasira. Nimestaafu, magoti yanauma, baridi ya Njombe inanimaliza, lakini hasira yangu haijastaafu. Kuna mwanamke anaitwa Edeltruda, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Manda, wilayani Ludewa, kule ziwani. Alitunga kitabu, na kila kilichomo alikitoa kichwani mwake mwenyewe. Maktaba ikakiweka kwenye rafu isiyo yake, na rafu ile ikamnyang'anya. Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa, ila kwanza mwielewe kazi yenyewe, maana mkishaielewa mtakasirika pamoja na mimi.

Watu hudhani kupanga vitabu ni kama kupanga viazi kwenye ndoo pale barabarani Makambako, vikubwa juu vidogo chini, mteja asijue. Nilipoanza kazi na mimi nilidhani hivyo. Nilitoka kwetu karibu na Uwemba nikiwa na cheti changu na sweta moja, nikaajiriwa kwenye maktaba moja ya Makambako ambayo jina lake silitaji. Wiki yangu ya kwanza nilipewa sanduku la vitabu nivipange. Kimoja kiliitwa Shamba la Mzee Asiyekufa. Nikaona neno shamba, nikakipeleka kwenye kilimo, roho yangu ikatulia.

Baba mmoja mkulima wa viazi akaja akakiazima. Alipokirudisha akasimama mezani kwangu, kofia mkononi, akanisalimu kwa kilugha. "Kamwene, mwanangu. Hiki kitabu kuhusu mbolea hakina kitu kabisa. Lakini yule mzee, mwishoni alifanikiwa kufa? Maana kuna mtu kachana kurasa za mwisho."

Aliyekuwa mkuu wangu, Mzee Ansgari, alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, aliyelelewa na misheni, anayeshona vitabu vilivyochanika kwa uzi wa kushonea viatu. Alikuwa amesoma kila hadithi ya ajabu iliyowahi kuingia mle ndani, na alichukia sana kuona zote zimerundikwa pamoja. Alisema hadithi za mambo yasiyowezekana zina koo zake kama watu, na ukizichanganya hovyo unamkosea msomaji na unamkosea aliyetunga.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa jina la rafu yenyewe. Vitabuni tulifundishwa kwamba hadithi za namna hii huitwa za njozi, basi nikaandika NJOZI kwa herufi kubwa nikabandika. Kabla ya Kwaresima wakaja kina mama wa jumuiya, wamevaa vitenge vyao vya sare, wanataka vitabu vya njozi za watakatifu. Wakaazima rundo zima. Mama mwenyekiti akarudi ametununia. Alisema kwa siku kadhaa walikuwa wakisoma kwa sauti baada ya rozari, wakisubiri malaika atokee, wakatokewa na mfalme mwenye vichwa viwili anayeoa kila Ijumaa. Nikabandua. Nikaandika FANTASIA. Watoto wa shule wakajaa mlangoni wakiuliza soda inatolewa saa ngapi.

Mwisho Mzee Ansgari akasema tuandike HADITHI ZA AJABU, kila mtu ataelewa. Ikawa hivyo. Halafu ndani ya rafu hiyo akanionyesha koo zake, na hapa nisikilizeni vizuri.

"Skola," aliniambia, "mtu akikuuliza kitabu hiki ni cha aina gani, usimjibu kwamba kina joka. Joka si jibu, joka linaingia popote. Jiulize, humu ndani ajabu ni nani? Ni mgeni, ni mwenyeji, au ni ndugu?"

Ajabu mgeni ni pale maisha yanapokuwa ya kawaida kabisa, mtu anakoroga ugali wake, halafu kitu kisichowezekana kinapiga hodi. Wote wanashtuka, na hadithi nzima ni namna ya kuishi na mgeni huyo au kumfukuza. Hadithi nyingi za kutisha ziko hapa, na zile za mjini ambako jini anapanga chumba na kusumbua wapangaji. Ajabu mwenyeji ni pale wewe ndiye unayepiga hodi. Unapita mlango, unazama mtoni, unatokea kwenye nchi yake, na lazima ujifunze adabu za kule. Katika nyingine za ukoo huu hakuna mtu wa kwetu hata mmoja, dunia nzima imetungwa, ina wafalme wake na vita vyake na milima yake. Ukifungua ukakuta ramani kabla ya hadithi, jua watu wengi watakufa mbele huko.

Wa tatu ndiye mgumu. Ajabu ndugu anaishi nyumbani. Bibi amefariki lakini bado anapepeta mahindi uani, na wanachomlalamikia ni kwamba pumba zinaingia kwenye nguo zilizoanikwa. Hakuna anayeshangaa. Msomaji peke yake ndiye anayeshangaa, na baada ya kurasa chache na yeye anazoea. Mzee Ansgari alisema hapo ndipo wakutubi wavivu wanapoanguka. Wakiona ndani ya kitabu hakuna anayeshangaa, wanadhani mwandishi anatoa taarifa ya habari.

Nikamuuliza, sasa nitajuaje upesi, vitabu vyenyewe ni vingi? Akaniambia niachane na jalada, kwa sababu wachoraji wa majalada wanachora msichana na chatu hata kama kitabu kinahusu mwashi. Fungua pale ajabu inapotokea mara ya kwanza, akasema, halafu angalia mikono ya mtu. Akidondosha sufuria, ajabu ni mgeni. Akiendelea kukoroga, ajabu ni ndugu. Nimeitumia njia hiyo maisha yangu yote ya kazi na mara chache sana imenitupa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi alilolishikilia kuliko yote. Ngano za jadi alizitenga kabisa, rafu yake ukuta wa pili. Ngano haina mwenyewe. Bibi yako kaipata kwa bibi yake, na kila ukoo unaisimulia kivyake, hakuna wa kumshtaki mwenzake. Hadithi ya kutunga ina mtu aliyekaa chini akaitunga, mtu mwenye jina, na jina lile ni mali yake hata kama hana mali nyingine. Ukimchanganya na ngano umemuua akiwa hai. Hayo ni maneno yake, na wakati ule niliona anatia chumvi.

Edeltruda aliletwa kwetu na kitabu chake. Alikiandika akiwa anafundisha Ludewa, akakichapisha kwa akiba yake kwa mchapaji mdogo, akatuletea nakala akiwa ameifunga kwenye khanga. Kiliitwa Kata ya Majina. Ni hadithi ya kijiji kisichokuwepo, kando ya ziwa lisilo na jina. Mtu akifariki, jina lake linamtoka, linabaki linatembea ufukweni lenyewe, lina kiu. Basi nyumbani wanaweka mlangoni kata ya maji, kile kibuyu cha kuchotea mtungini, ili jina linywe kabla ya safari. Na mpaka maji yale yakauke, hakuna ruhusa ya kumtaja marehemu, kwa sababu jina likiitwa litageuka nyuma. Binti mmoja anakiuka, anamwita mama yake, na jina la mama linarudi bila mama. Nililia maktabani, watu wananiangalia.

Mzee Ansgari alikisoma akakigonga mezani kwa furaha. "Ajabu ndugu," akasema. "Safi kabisa. Huyu mama amejua." Akamuuliza Edeltruda aliipata wapi ile kata. Akacheka kwa aibu, akasema aliona kata imesahauliwa mlangoni kwao siku moja, mvua imeijaza, basi. Mengine alitunga akisahihisha madaftari ya darasa la nne. Kilikaa kwenye hadithi za ajabu miaka mingi. Wasichana wa sekondari walikiazima mpaka mgongo ukaachia, Mzee Ansgari akaushona na uzi wake wa viatu.

Halafu Mzee Ansgari akastaafu, hakukaa sana akafariki, na tukaletewa mkuu mpya, Bwana Festo, pamoja na kompyuta. Nataka niwe mkweli, Festo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na heshima, hakunipita bila shikamoo, na kompyuta ilitusaidia mambo mengi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mbaya unampasha ukweli ukalala usingizi. Festo alikuharibia kazi huku akikuuliza hali ya mguu.

Vijana wake waliingiza vitabu vyote kwenye kompyuta kwa kusoma majina ya nje tu. Kata ya Majina ikaenda kwenye serikali za mitaa, kwa sababu ya hilo neno kata. Msinicheke mimi, wachekeni wao. Mtendaji mmoja wa kata, wa serikalini huyo, alikiazima akajiandae na kikao. Alikirudisha kimya kimya na hakuwahi kuniangalia usoni tena. Nikaenda kwa Festo nikamwambia kosa lilipo. Akaomba radhi, akakifungua, akasoma kurasa chache akiwa amesimama, akabonyeza bonyeza. Kesho yake nikakikuta kina lebo mpya: MILA NA DESTURI, LUDEWA.

"Bosi," nikamwambia, "hicho ni cha kutunga."

"Mama Skola, mwandishi ni wa Ludewa. Kuna msiba, kuna ziwa, kuna kata ya maji. Watu wa kule wana mambo yao."

"Kijiji kile hakipo. Hata jina lake kalitunga. Kiweke na hadithi za ajabu."

"Sistimu haina hiyo kategori, Mama. Ina fantasia." Akanionyesha rafu mpya iliyopakwa rangi, imejaa vitabu vya ng'ambo, majalada yanang'aa, majoka na mapanga. "Sasa hiki kikikaa na hivi, si kitapotea? Kule kwenye mila kitaheshimika."

Moto uliniwaka siku ile na haujazimika. Joka la ng'ambo likitema moto, hapo mtu ametumia akili, amebuni, apewe rafu yenye rangi. Jina la marehemu likinywa maji Manda, basi hatukutunga, tumeripoti. Wenzetu wanaota, sisi tunatoa ushahidi. Nilimwambia Festo hivyo hivyo. Akanitazama kwa huruma akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikaanza kubandua. Lebo hubanduka kwa mvuke wa birika, ishike juu ya mdomo wa birika mpaka gundi ilainike, usiivute kavu utachuna jalada. Nabandua asubuhi, jioni vijana wa kompyuta wanabandika, maana mashine inawaambia kitabu kiko mahali pasipo pake. Tulikwenda hivyo mpaka Festo akaniita ofisini, akanisihi kwa upole nisiharibu mali ya maktaba. Jalada lenyewe lilikuwa limeshakuwa na doa jeupe kama upele.

Jamaa mmoja wa Manda aliyekuwa na mtoto anasoma Makambako akakiona pale kwenye mila, akakiazima akashuka nacho kwao. Habari zikateremka milima yote ile mpaka ziwani. Wazee wa ukoo wakamwita Edeltruda nyumbani. Alinisimulia mwenyewe alipopita kwangu, hata mkoba hakuutua.

Baba yake mkubwa alimwambia, "Mwalimu, hatukukatazi kuandika. Lakini hii mila ya kata uliitoa wapi? Sisi hatuna kitu kama hicho. Unatuvua nguo kwa watu."

"Ni hadithi, baba mkubwa. Nimetunga."

Mzee akageuza jalada, akaweka kidole kwenye lebo. "Hapa wameandika mila. Mila haitungwi na mtu mmoja. Kwa hiyo ama wewe ni mwongo, ama maktaba ni waongo. Maktaba ni ya serikali."

"Mama Skola," akaniambia, "sikumsemea mtu uongo. Nilitunga. Sasa nimekuwa mwongo kwa sababu ya kikaratasi." Alikuwa ameanza kitabu cha pili, kuhusu ukungu wa Njombe unaoazima sura za watu. Nikamuuliza umefika wapi. Akasema ameacha, hataki kesho wamwambie wana Njombe hawana mila hiyo. Hakukigusa tena.

Baadaye akaja kijana wa chuo, anafanya utafiti wa desturi za misiba. Mpole, amebeba kishikwambi. Nikamtolea vitabu, akaona Kata ya Majina kwenye kompyuta, akakiomba. Nikamwambia kile ni cha kubuni, mwandishi yuko hai, nitakupa njia ya kumpata ukamuulize. Akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. "Lakini Mama, hapa inasema mila." Na hicho ndicho alichoandika. Kazi yake ikatolewa nakala, nakala zikafika shuleni, walimu wanaohangaika kutafuta mambo ya utamaduni wakafurahi kupata kitu kilichokaa vizuri. Watoto wa Ludewa wakaigiza siku ya wazazi, kata ya maji mlangoni, kimya, hakuna kutaja. Watu walipiga makofi. Jina la Edeltruda halikutajwa popote. Alikuwa amekaa viti vya nyuma na walimu wenzake.

Wazee waliokataa wakafariki mmoja mmoja, baba mkubwa akiwemo. Mimi nikastaafu, nikarudi nyumbani kwenye viazi vyangu.

Juzi nikapigiwa simu kwamba mama yake Edeltruda amefariki. Nilikwenda. Safari ya kushuka Manda kwa umri wangu si mchezo, niliwasili nimevimba miguu. Mchana ule nyumba ilikuwa imejaa watu, wanaume nje, wanawake ndani na uani. Na mlangoni, upande unaotazama ziwa, niliona kata ya maji.

Nilisimama pale mpaka mtu akanisukuma kidogo apite. Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka na masufuria na masinia. Kila aliyepita aliangalia kata, na akiona maji yamepungua anamimina kidogo kutoka kwenye ndoo yake, halafu anaendelea na kazi. Mikono haikutetemeka. Hakuna aliyedondosha kitu.

Edeltruda alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mwili. Alinitazama, nikajua ameiona. Wakati wa kutoa mwili ukafika, akainuka, uchungu ukamshika, akafungua mdomo amwite mama yake kwa jina kama tunavyofanya wote tunapozika. Shangazi yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usitaje. Maji hayajakauka."

"Shangazi, hiyo ni—"

"Nyamaza. Umesoma mno mpaka umesahau kwenu. Hata vitabuni imeandikwa."

Akanyamaza. Ungemwambiaje mtu aliyefiwa asimame katikati ya msiba aseme kitabu hicho nilikiandika mimi? Mama yake akazikwa, watu wakarudi, yeye hajamtaja. Tuliketi nyuma ya jiko. Ndipo akasema polepole, "Mle kitabuni niliandika maji yanakauka siku ya tatu. Niliweka hivyo makusudi, ili watu waweze kulia. Hapa kila anayepita anaongeza. Wananihurumia, Mama Skola. Hayatakauka."

Nilipopita Makambako nikirudi nilishuka, nikaenda moja kwa moja kwa Festo. Sasa naye nywele zimekuwa nyeupe. Nikamweleza yote, kata, shangazi, kiganja mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole ya msiba kwa dhati, akamtuma kijana aniletee chai. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Sasa umeona, Mama? Kumbe ni mila kweli. Tulikuwa sahihi."

Chai ile sikuinywa.

Ninyi vijana, mtakaa kwenye viti vyetu na mashine zenu zitakuwa na kasi kuliko zile. Ikifika hadithi ya mtu wa kwenu na ajabu imekaa humo kama ndugu, msione uvivu. Angalieni mikono. Ulizeni nani kaitunga, na jibu likiwa mtu mmoja anayefundisha darasa la nne, andikeni jina lake mahali ambapo gundi haibanduki. Kata ya Majina ilitungwa na Edeltruda wa Manda, haikuwahi kuwa mila ya mtu yeyote, na anayebisha aje kwangu, mimi nipo nyumbani.

Na mama yake aliitwa Anastazia. Anastazia. Nimemtaja mimi, maji yakauke yasikauke.